Besi ya nyuzi nne au ya nyuzi tano? Soma kabla hujatuma fedha nyumbani

Na Mwandishi Wetu, London

KAMA wewe ni mmoja wetu tunaoishi huku ughaibuni na una ndugu katika kwaya au bendi nyumbani, ujumbe wa aina hii si mgeni kwako: "Shikamoo kaka. Kwaya imekaa kikao, tumekubaliana tukuombe utusaidie gitaa la besi. Wanasema siku hizi ni la nyuzi tano." Basi, hakuna maelezo mengine. Hakuna anayesema mpigaji ni nani, anapigia spika gani, umeme wao ukoje, wala kama katika wilaya nzima kuna duka linalouza nyuzi za besi.

Kinachofuata tunakijua. Watu wanachangishana, pauni kumi kumi, ishirini ishirini. Mtu mmoja anaingia kwenye mtandao, anaona picha ya gitaa linalong'aa, analipa. Miezi miwili baadaye gitaa linatua, linapigwa Krismasi moja, halafu linatundikwa ukutani kwa sababu eti halina sauti.

Nimeshayaona magitaa ya namna hiyo zaidi ya moja, na karibu mara zote gitaa lenyewe halikuwa bovu. Moja lilikuwa limekwisha betri na hakuna aliyejua kwamba lina betri. Jingine shingo ilikuwa imekunjika safarini, nyuzi zikawa juu kiasi kwamba kijana alikuwa akimaliza ibada vidole vimechubuka. Lakini lawama zilikwenda kwa watu. Kijana aliambiwa hajui kupiga, na aliyenunua akaonekana amekula michango. Ndiyo maana nimeona suala hili linastahili makala nzima, ingawa wapo watakaosema tuna mambo mazito zaidi ya kuandika.

Tuanze na historia kidogo. Gitaa la besi kama tunavyolijua leo lilianza kuuzwa mwaka 1951, pale Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, alipotoa besi aliyoiita Precision. Kabla ya hapo sauti nzito ilitoka kwenye lile besi kubwa la kusimama, ambalo halina freti shingoni, hivyo mpigaji anatafuta noti kwa sikio na mazoea. Fender aliweka freti, noti ikawa pale pale ilipo, na jina lilitokana na jambo hilo. Mwaka 1957 Precision ilibadilishwa sura na kupewa pikapu iliyogawanywa vipande viwili (pikapu hapa ni ile sumaku yenye waya inayonasa mtetemo wa nyuzi, si gari la kubebea mchanga). Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass, yenye pikapu mbili na shingo nyembamba upande wa kichwani. Mpaka leo, besi nyingi utakazoziona dukani, ziwe za Japani, Indonesia au China, ni watoto au wajukuu wa hizo mbili.

Sisi kwetu tuliipa jina zuri zaidi: gitaa zito. Na katika muziki wa dansi gitaa zito halikuwa la kusindikiza tu. Msikilizaji yeyote wa rika langu akitajiwa "Sina Makosa" ya Les Wanyika ya mwaka 1979, kabla hajakumbuka maneno anakumbuka ile besi ya Tom Malanga inavyotembea chini ya magitaa mengine. Kwa nyuzi nne.

Nyuzi hizo nne, kutoka nene kwenda nyembamba, ni E, A, D na G. Uzi wa E ukipigwa mtupu unatoa mitetemo 41 kwa sekunde. Urefu wa uzi unaotetemeka, yaani kutoka kile kijiti chenye mifereji karibu na kichwa hadi kwenye briji, kwa kawaida ni inchi 34, takriban sentimita 86.

Uzi wa tano ulikuja kwa njia ndefu. Fender wenyewe walitoa besi ya nyuzi tano mwaka 1965, lakini uzi ulioongezwa ulikuwa mwembamba, wa upande wa juu, na haikupendwa sana. Besi ya nyuzi tano tunayoizungumzia leo, yenye uzi mnene wa B chini ya E, ilianza kutengenezwa Marekani katikati ya miaka ya 1970 kwa oda za wapigaji wachache. Ilishika kasi miaka ya 1980, vinanda vya umeme vilipoanza kutoa besi inayoshuka chini kuliko gitaa. Mpiga besi akajikuta anapitwa na mpiga kinanda. Mwaka 1987 kampuni ya Music Man ikatoa StingRay ya nyuzi tano, na tangu hapo nyuzi tano zimekuwa jambo la kawaida.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwa nini kwaya zetu zinaomba nyuzi tano. Kwaya za siku hizi zinaongozwa na kinanda. Mpiga kinanda anapandisha na kushusha ufunguo kwa kubonyeza kitufe, kufuata sauti ya mwimbaji, na mara nyingi wimbo unaangukia E flati, D flati au C. Mwenye nyuzi nne hana E flati ya chini, hana D, hana C. Inabidi aruke juu oktavu nzima, na pale ambapo wimbo ulitakiwa kushuka na kutulia, unapanda. Mwenye nyuzi tano anazo noti tano zaidi za chini: E flati, D, D flati, C na B. Isitoshe, hata asiposhuka huko, anaweza kupiga E flati na F katikati ya shingo bila kukimbia huku na huko. Faida hiyo ya pili ndiyo wapigaji wengi wanaoijua kazi wanaisifu kuliko ya kwanza.

Sasa tuseme ukweli ambao wauzaji hawausemi. Uzi wa B mtupu unatoa mitetemo takriban 31 kwa sekunde. Spika ndogo ya inchi nane au kumi, aina zinazopatikana katika makanisa na kumbi nyingi nyumbani, haiwezi kuisukuma sauti hiyo kwa nguvu ya maana. Unachosikia ni kivuli chake, ile mitetemo ya juu yake, pamoja na ngurumo isiyo na umbo. Ukiongeza sauti ili B isikike, spika inapasuka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nyuzi ngapi, uliza spika gani. Kama jibu ni kwamba besi, kinanda na maikrofoni nne zote zinaingia kwenye spika mbili za ukutani, basi fedha ya uzi wa tano ni bora iende kwenye spika.

Na mpigaji je? Mzee aliyepiga dansi miaka thelathini kwa nyuzi nne, ukimpa tano kidole gumba chake kinapotea. Amezoea kwamba uzi wa juu kabisa, ulio karibu na uso wake, ni E. Sasa ni B. Atapiga noti zisizo zake kwa wiki kadhaa, na wapo wasiozoea kabisa. Tena uzi wa B una tabia ya kunguruma peke yake nyuzi nyingine zinapopigwa, hivyo lazima mpigaji ajifunze kuulaza gumba juu yake kila asipoutumia. Kijana anayeanza hana shida hiyo, kwani anazoea alichokikuta.

Wapo pia wanaodhani nyuzi nne ni za wanafunzi na tano ni za mabingwa. Si kweli hata kidogo. James Jamerson, ambaye besi yake imo katika nyimbo nyingi za Motown za miaka ya 1960, alipiga Precision ya nyuzi nne, nyuzi zenyewe za aina bapa, na inaelezwa kwamba alikuwa habadilishi mpaka zikatike. Jaco Pastorius aliupindua ulimwengu wa besi kwa Jazz Bass ya nyuzi nne iliyong'olewa freti. Bakithi Kumalo wa Soweto, aliyepiga besi katika albamu ya Paul Simon ya "Graceland" ya mwaka 1986, naye alitumia nyuzi nne zisizo na freti. Upande wa pili kuna Richard Bona wa Cameroon, ambaye nyuzi tano zinamkaa kama nguo ya kushonesha. Tofauti yao haiko kwenye idadi ya nyuzi.

Kwa maoni yangu, kwaya ya mjini yenye kinanda, spika nzuri na kijana anayejifunza, itumiwe nyuzi tano. Bendi inayopiga dansi na rumba za zamani, au kwaya ya kijijini yenye umeme wa kubahatisha, itumiwe nyuzi nne. Wimbo ukidai D ya chini, uzi wa E unalegezwa hadi D na mambo yanakwenda. Noti nyingine mbili tatu wataishi bila hizo, kama sote tulivyoishi.

Ukishaamua, sasa nenda kanunue, na kama inawezekana usinunue kwa picha. Mitumba ya huku ni mizuri. Squier au Yamaha ya nyuzi nne iliyotunzwa inapatikana Uingereza chini ya pauni 200, na mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei hiyo hiyo isiyojulikana jina. Kwa nyuzi tano ongeza fedha, maana nyuzi tano za bei ya chini kabisa ndizo zinazoumiza watu. Yamaha TRBX na Ibanez SR zina besi za nyuzi tano zisizo za gharama kubwa. Sire, waliozoanza mwaka 2015 wakishirikiana na Marcus Miller, nao wanasifiwa kwa kutoa kitu kizuri kwa bei ya kati. Jihadhari na besi zilizoandikwa Fender kwa bei ya kutupa, kwani za kughushi ni nyingi mtandaoni.

Mkononi, anza na shingo. Shika gitaa kama mtu anayelenga bunduki, jicho likiwa upande wa mwili, uangalie ukingo wa shingo kuelekea kichwani. Mkunjo mdogo wa kwenda mbele ni wa kawaida na unarekebishika. Shingo iliyojisokota, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, iache hapo hapo hata kama muuzaji anapunguza nusu ya bei. Kisha piga kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine, bila haraka na bila kuona haya. Sikiliza freti inayokwaruza, na sikiliza noti inayokufa mapema. Besi nyingi zenye shingo ya kufungwa kwa skrubu zina noti moja bubu kwenye uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7. Ikiwa ni kidogo si kasoro, ikiwa noti inazima kabisa tafuta nyingine. Zungusha vitufe vya sauti; vikikwaruza ni vumbi, husafishwa kwa dawa ya kupuliza. Mwisho, livae gitaa kwa mkanda na uachie mikono. Kama kichwa kinaanguka chini, mpigaji atalibeba kwa mkono wa kushoto ibada nzima.

Kwa nyuzi tano kuna jaribio moja zaidi, na ndilo muhimu. Piga uzi wa B kwenye freti ya 5. Hiyo ni E, sawa na uzi wa pili ukiwa mtupu. Piga moja, piga nyingine, rudia. Sauti hizo zinatakiwa zifanane kwa uzito na kwa kukaa. Kama ya kwenye B inasikika kama mpira uliolegea, mtengenezaji ameongeza uzi bila kujenga shingo ya kuubeba. Wengine, ili kuukaza uzi huo, wanarefusha gitaa hadi inchi 35. Inasaidia, lakini inchi moja hiyo inahisiwa na mwenye mkono mfupi, hasa kwenye freti za mwanzo. Zipo za inchi 34 zenye B safi kabisa, hivyo sikio lako liamue na si rula.

Angalia pia nafasi kati ya nyuzi kwenye briji. Nyuzi nne kwa kawaida zinaachana milimita 19 hivi. Nyuzi tano nyingine zinabanwa hadi milimita 16 na nusu ili shingo isiwe pana sana. Mwenye vidole vinene atakwama.

Halafu kuna suala la betri. Besi nyingi za kisasa, na nyuzi tano nyingi, zina kikuza sauti kidogo ndani ya mwili wake kinachotumia betri ya volti 9, ile ya mraba. Betri inaanza kuliwa mara tu unapochomeka waya, hata kama hupigi. Mtu akiacha waya umechomekwa kuanzia Jumapili hadi Jumapili, ibada inayofuata besi inakwaruza au inanyamaza kabisa. Mjini betri hiyo inauzwa, kijijini inaweza kuwa ni safari. Kwa hiyo, kama gitaa linakwenda mbali na mji, mimi nachagua lisilo na betri bila kusita. Kama ni lazima liwe na betri, tafuta lenye swichi ya kuizima, ili likipungukiwa lipigwe kawaida.

Tuje kwenye safari. Besi ndani ya kasha gumu inapita urefu wa mita moja na sentimita kumi na tano, na mashirika mengi ya ndege yanahesabu urefu, upana na kimo, jumla isizidi sentimita 158. Besi inazidi. Piga simu kabla, la sivyo utalipa pale uwanjani, tena kwa bei ya kukomoa. Nyuzi zilegezwe kidogo, noti mbili tatu hivi, lakini zisitolewe zote. Nyuzi nne kwa pamoja zinaivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na uzi wa tano unaongeza kilo 15 hivi. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayovuta upande wa pili kusawazisha. Ukiondoa nyuzi zote kwa wiki kadhaa, chuma kinabaki kinavuta peke yake.

Wapo wanaohofia forodha kwa sababu ya mbao. Mwaka 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, ukiwemo mpingo wetu, iliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa, na watu wenye magitaa walipata taabu ya vibali. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika masharti hayo, isipokuwa vyenye mbao ile ya Dalbergia ya Brazil, ambayo huipati kwenye besi za bei tunazozizungumzia.

Gitaa likifika, lisifunguliwe na kupigwa siku hiyo hiyo. Limetoka kwenye nyumba ya Uingereza yenye kipasha joto, ambako hewa ni kavu, limeingia Tanga au Mombasa ambako hewa ni maji. Mbao zitakunywa unyevu na shingo itahama. Liache kwenye kasha siku mbili tatu, kisha lityuniwe, na hapo ndipo liseti. Aliyelipa fundi wa London aliseti kabla ya kusafirisha amelipia kazi itakayorudiwa.

Kuseti besi si uganga. Vifaa ni alenkii, bisibisi, rula yenye milimita, na tyuna, ambayo siku hizi ni programu ya bure ya simu. Fundi wa magari wa jirani ana filageji za kupimia vali; azimeni. Ila kazi ina mpangilio wake, na ukiuvuruga utazunguka siku nzima: nyuzi mpya kwanza, halafu shingo, halafu kimo cha nyuzi, halafu usahihi wa noti, mwisho pikapu.

Nyuzi za kawaida za besi nne ni za unene wa 45, 65, 85 na 105, ambazo ni sehemu za elfu za inchi. Uzi wa tano ni 125 hadi 135, na kwa kaya za joto, ambako vidole vinatoa jasho na mpigaji anapiga kwa nguvu, ningechukua 130 au zaidi, maana mwembamba unayumba. Hakikisha uzi unaingia vizuri kwenye mfereji wa kile kijiti cha juu. Ukikaa juu ya mfereji badala ya ndani yake, freti za mwanzo zitakuwa ngumu na noti zake zitapanda kuliko inavyotakiwa.

Shingo inapimwa hivi. Tyuni gitaa kwanza. Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Sasa uzi wenyewe umekuwa rula. Mwombe mwenzako aangalie nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe milimita 0.3 hadi 0.35, unene wa kadi ya karatasi ya kupeana anwani. Kama kadi ya benki inapita, shingo imekunjika mno kwenda mbele, kwani kadi hiyo ina zaidi ya milimita 0.7. Kama uzi umelala juu ya freti bila nafasi yoyote, imekunjika kinyume.

Marekebisho yanafanywa kwenye tundu la ile fimbo ya chuma, lililo kichwani au pale shingo inapokutana na mwili. Kuzungusha kwa mwelekeo wa saa kunakaza na kuinyoosha shingo, kinyume cha saa kunalegeza. Robo mzunguko tu, kisha tyuni tena, pima tena, subiri. Hapa ndipo watu wanapoua magitaa. Kama chuma kinakataa kuzunguka, usikilazimishe na usimruhusu mtu wa kulazimisha. Kikikatika ndani, umenunua shingo mpya, na shingo mpya ni karibu bei ya gitaa zima la mitumba.

Kimo cha nyuzi kinapimwa kwenye freti ya 17, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwa shingo za siku hizi, milimita 2.4 upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyembamba ni mahali pazuri pa kuanzia. Uzi wa B uachiwe juu kidogo zaidi, unatetemeka kwa upana. Vile vikalio vidogo vya nyuzi kwenye briji vinapandishwa na kushushwa kwa alenkii ndogo. Mpigaji wa mkono mzito apewe nyuzi za juu kidogo, la sivyo zitagonga freti na utasikia mchakacho kwenye kila noti. Wengi wanapenda nyuzi za chini kwa sababu ni nyepesi, lakini besi ya dansi yenye nyuzi za chini mno haina kifua.

Usahihi wa noti ndio unaowasumbua wengi bila kujua. Gitaa limetyuniwa vizuri, nyuzi tupu ziko sawa, lakini kila akipanda freti za juu anagombana na kinanda. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kuubana, piga, tyuna ikuonyeshe. Halafu bana freti ile ile, piga tena. Noti hizo mbili lazima ziwe sawa. Ile ya kubana ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tyuni upya kila unaposogeza. Uzi wa B mara nyingi kikalio chake hurudi nyuma kuliko vyote, na kama briji imefika mwisho na bado haitoshi, badilisha aina ya uzi kabla ya kulaumu gitaa. Jambo hili lifanywe kwa nyuzi mpya, maana nyuzi zilizochoka zinadanganya. Kuzichemsha kwenye maji kunarudisha mlio kwa siku chache, na wapigaji wengi duniani wamefanya hivyo mfukoni kukiwa pakavu, ila kwa kazi ya kuseti hazifai.

Pikapu hazina mengi. Bana nyuzi freti ya mwisho, uache milimita 2 hadi 3 kati ya sumaku na uzi, upande mnene uachwe zaidi. Zikiwa karibu mno sumaku inauvuta uzi.

Nimeuacha umeme nyuma kwa sababu wengi hawauhesabu kama sehemu ya gitaa. Precision ya tangu 1957 inazima mvumo wenyewe kwa jinsi pikapu yake ilivyogawanywa. Jazz Bass inavuma ukitumia pikapu moja, na mvumo unapungua sana ukifungua zote mbili sawa. Mvumo unaotoweka ukishika nyuzi, lakini, ni dalili nyingine: mwili wako unafanya kazi ya ngao, na nyuzi zimeunganishwa na ethi ya amplifaya. Kama ukumbi hauna ethi, au ethi imekatwa ili plagi iingie, nyuzi hizo zinaweza kubeba umeme. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, hapa hapa Uingereza, baada ya kugusa maikrofoni isiyo na ethi akiwa ameshika gitaa. Mpigaji akisema midomo inamwasha anapokaribia maikrofoni, zimeni kila kitu na muiteni fundi umeme siku hiyo hiyo, kwani huo ni umeme na si jini.

Ndani ya kasha, kabla hujalifunga, weka seti mbili za nyuzi, kitambaa cha kufutia jasho na chumvi ya pwani, betri mbili kama gitaa linazitumia, waya wa akiba, na alenkii ya shingo. Hiyo alenkii ijaribu kwenye tundu ukiwa bado huku. Magitaa ya Marekani mengi yanatumia vipimo vya inchi na ya Asia milimita, na isiyo yake italizungusha tundu mpaka liwe duara.